Punje Tatu Ndani ya Jani la Mgomba

Pale Bakoba, njia ya kwenda zahanati inapoiacha barabara kubwa, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa nguzo ya umeme. Nguzo ilianguka mwaka mmoja wa mvua nyingi, ikapasuliwa, ikapigwa misumari, na tangu siku hiyo imebeba maneno mengi kuliko ilivyowahi kubeba nyaya. Mbele yake Mwamvita huweka jiko la mkaa na birika la kahawa. Kulia hukaa Ta Elieza, mwalimu mstaafu, waliyempa jina la Masahihisho kwa sababu hajawahi kumwacha mtu amalize habari yake bila kumrekebisha. Katikati hukaa Avit, aitwaye Daktari. Udaktari hakuusomea, ila alilinda geti la hospitali miaka kumi na mmoja, na anadai aliyoyaona pale getini yanamtosha. Kushoto hukaa Ayubu, mwenyekiti wa mtaa, jina lake Muhuri, maana muhuri wa ofisi anatembea nao mfukoni mwa shati, na benchi likifunguliwa ofisi inafungwa. Wa nne ni Kahangwa, fundi umeme, mdogo kuliko wote, ambaye mtaa mzima unamwita Testa, kwa ile bisibisi yake ya kupimia umeme. Asubuhi hiyo ya Alhamisi umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, na Testa alifika saa tatu akiwa hajanyoa, mkononi ana kifurushi cha jani la mgomba.

Kifurushi hicho kilikuwa ada yake. Kila asubuhi mkewe Edvina humwachia juu ya chupa ya chai akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna, ambazo Mhaya humkaribishia mgeni kabla hajamuuliza habari za safari. Testa hukichukua bila kukifungua na kumkabidhi mkubwa wa benchi.

— Umechelewa, alisema Ta Elieza akikipokea. Karibu nitafune meno yangu mwenyewe.

— Nimeamka nimekuta nyumba haina mtu, Ta Elieza. Edvina katoka alfajiri, hajaaga. Nampigia hapatikani.

— Atakuwa sokoni.

— Kikapu kipo.

Ta Elieza alifungua kamba ya kifurushi, akatupa punje moja mdomoni, akafumba macho kama afanyavyo kila siku. Akaingiza vidole kutafuta ya pili. Hapo akafumbua macho.

— Testa, siku hizi mkeo anachanganya kahawa na nini?

Akatoa kijinailoni kidogo kilichofungwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na kijikaratasi kigumu, kirefu, chembamba, chenye rangi upande mmoja na vimistari katikati.

— Weka chini hicho kitu, alisema Avit. Weka chini taratibu. Hicho ni kipimo cha mimba. Kinachovywa kwenye mkojo.

Ta Elieza aliacha kutafuna. Alivitazama vidole vyake kimoja kimoja.

— Kimo ndani ya nailoni, alisema Mwamvita kutoka kwenye jiko lake. Edvina ni msafi kuliko wengi. Meza tu, mwalimu.

Ta Elieza akameza. Lakini Testa hakucheka. Alikinyakua kile kipimo, akakiinua kwenye mwanga, akakisogeza karibu na jicho.

Ili umwelewe Testa ni lazima ujue ya Muleba. Miaka miwili nyuma Edvina alipata mimba ya kwanza, na mama yake, Ma Ephrasia, akamwita kijijini Muleba akakae naye. Ma Ephrasia ni mama mwema, lakini kwake mimba changa haitangazwi. Inafichwa mpaka ionekane yenyewe, watu wasije wakaiwekea jicho. Edvina akafichwa katikati ya migomba, akalishwa vizuri, akakatazwa kazi nzito. Kliniki alifika mwezi wa saba, miguu imevimba, kichwa kinamgonga. Walipompima presha, nesi aliita gari la wagonjwa palepale. Mama alipona. Mtoto alizaliwa kimya.

Walimzika kando ya shamba la kahawa. Testa na Edvina wakaahidiana palepale, kwamba ikija nyingine, siku hiyohiyo wanakwenda kliniki, tena wote wawili. Mwaka uliofuata Edvina alimletea vipimo mara tatu, na mara tatu mstari ulikuwa mmoja. Mara ya tatu Testa alimwambia neno ambalo mpaka leo linamkera akilikumbuka:

— Usinionyeshe tena, Edvina. Moyo wangu umeungua fyuzi.

Hakumwonyesha tena. Na sasa hiki hapa, ndani ya jani.

— Mstari ni mmoja, alisema Testa. Subirini. Mmoja umekolea. Wa pili upo ila hafifu. Ta Elieza, wewe unauona?

— Nina miwani ya kusomea tu.

— Na hiki si cha kusoma?

Kipimo kikapita mkono kwa mkono. Ayubu alikitazama kwa mbali, kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa cheti cha mwenzake.

— Mimi kazini kwangu, alisema Testa, testa ikiwaka hafifu maana yake moto haupo sawasawa. Waya umelegea mahali, au unavujisha. Huwezi kuwaambia watu umeme umerudi.

— Huko ni kwenye nyumba, alisema Avit. Kwenye mwili ni tofauti. Pale getini nimeviona vingi. Mstari ukikolea ni mtoto wa kiume. Ukiwa hafifu ni wa kike, maana mtoto wa kike hana papara, anaandikwa polepole.

— Si kweli, alisema Ta Elieza. Fikiri vizuri. Mistari ni miwili kwa sababu wazazi ni wawili. Huu uliokolea ni wa mama, maana mkojo ni wake. Huu hafifu ni wa baba.

Wote wakamtazama Testa.

— Mnanitazamia nini?

— Hatujasema kitu, alisema Ayubu. Ila siku hizi unakula vizuri?

Mwamvita alimimina kahawa, akafungua mdomo kusema jambo.

— Hicho kipimo kina muda wake wa kukisoma. Ukishapita...

— Mama, ongeza mkaa, alisema Avit. Kahawa inapoa.

Akaongeza mkaa. Mwamvita amezaa watoto watano na kuhudhuria kliniki zote tano, lakini benchini pale anaulizwa habari za sukari tu.

Testa alipiga simu tena. Haikupatikana. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

— Jana jioni nilimsikia anaongea na mama yake kwenye simu. Alimwambia, nitakuja mama, kesho au keshokutwa. Jamani, amekwenda Muleba.

— Kwenda kwa mama yake kuna ubaya gani? aliuliza Ayubu.

— Ubaya ni kwamba atafichwa tena. Ma Ephrasia atamweka kwenye migomba mpaka mwezi wa saba, na mimi nitaitwa siku ya gari.

Wazee watatu wakatazama vikombe vyao. Wote walikuwa wamekwenda kwenye yale mazishi ya Muleba. Ayubu ndiye aliyekuwa amebeba kile kisanduku cha mtoto, na kilikuwa chepesi mno.

— Basi mfuate, alisema Ta Elieza kwa upole. Gari za Muleba hazikosekani.

— Nimfuate nikamwambie nini? Kama ni kweli, namrudisha leo hii, twende kliniki. Lakini kama si kweli? Nifike natoka jasho, nimeshangilia barabara nzima, halafu iwe ni mstari mmoja tena? Nitamuua mwenzangu. Nataka niwe na uhakika kwanza.

Na kwa kuwa mwenzao alitaka uhakika, benchi likaamua kumpatia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

— Hivi vipimo mimi sivikubali, alisema Ayubu. Shemeji yangu alichovya kimoja kwenye rubisi, kwa utundu tu. Kikatoa mistari miwili.

— Kwenye pombe ya ndizi?

— Pombe ya ndizi. Mtungi mzima ukawa na mimba.

— Si ajabu, alisema Avit. Ndizi nayo ina mbegu, hata kama hazionekani. Kipimo kimeziona. Ndiyo maana lazima tujue, Testa, mkeo jana usiku alikula nini?

— Ekitoke, ndizi za kupika, na maharage.

— Umeona? Ekitoke. Huenda mwenye mimba ni mgomba.

— Acheni upuuzi, alisema Ta Elieza. Tusahihishe hesabu. Ndani ya kifurushi mlikuwa na nini kingine?

Akalifunua jani. Punje mbili zilikuwa zimelala katikati.

— Mbili. Na mistari miwili. Mwanamke hakuacha kahawa mbili kwa bahati mbaya. Huyu anasema mapacha.

— Mapacha, alirudia Avit. Basi ule hafifu ni pacha wa pili. Amekaa nyuma ya mwenzake, anajificha.

— Kwa hiyo wawili, alisema Testa, na macho yakaanza kumtoka.

— Au wanne, alisema Ta Elieza. Mistari miwili, punje mbili, na kila punje ya kahawa ukiipasua ndani ina mbegu mbili.

— Wanne siwezi, alisema Testa. Nyumba ina chumba kimoja na sebule.

— Mimi kinachonitisha si idadi, alisema Ayubu akiinama na kushusha sauti. Hivi vikaratasi vina mawasiliano. Vikitoa mistari miwili tu, taarifa inafika Dodoma. Mwaka wa sensa nilizunguka nyumba kwa nyumba na makarani, na nikaona kabisa hesabu wanayo tayari, wanakuja kuhakikisha.

— Na network ikiwa mbaya? aliuliza Avit.

— Ndiyo mstari unatoka hafifu. Na tangu jana usiku umeme hakuna.

Watu wazima wanne wakakitazama kile kijikaratasi. Ni jambo la kusikitisha, lakini kwa muda kidogo hata Testa, fundi mwenye leseni, aliona maneno hayo yana mantiki. Mtu akiwa na hofu hushika chochote kilicho karibu.

Wakiwa katika hali hiyo, akaja mwanamke kutoka upande wa zahanati. Alikuwa na kitenge cha njano na tumbo la miezi mitano hivi, anatembea haraka ila anapumzika kila baada ya hatua kadhaa. Hakuwa mkazi wa zamani wa mtaa wao. Alisimama mbele ya benchi, akapiga goti kidogo kuwaamkia wazee.

— Shikamooni. Waitu, wazee wangu, namtafuta mwenyekiti wa mtaa. Ofisini nimekuta kufuli.

— Marahaba. Ofisi ndiyo hii, alisema Ayubu bila aibu. Wewe nani?

— Naitwa Jovitha, nimehamia nyumba ya nyuma ya kanisa. Nataka barua. Zahanati, siku ya kuandikishwa ujauzito, wanataka uje na mume. Waliokuja wawili wanahudumiwa kwanza. Ukija peke yako ulete barua ya mwenyekiti kwamba mume hayupo. Wangu yuko visiwani, anavua dagaa, atarudi mwezi ukiwa mkubwa, dagaa wasipovulika.

— Hilo halina shida, alisema Ayubu akitoa kalamu, karatasi na muhuri, vyote kutoka mfuko mmoja.

— Naomba na nyingine, ya mwenzangu. Tumekaa naye kwenye foleni tangu saa kumi na mbili na nusu. Yeye alikuwa hataki barua. Kila nikimwambia twende, anasema, nina mume mzima, naombaje barua? Anatazama njia. Sasa nesi amesema wasio na barua watarudi Alhamisi ijayo, ndiyo nikamwambia kaa hapo, nitakuletea na yako.

— Mume wa huyo anaitwa nani?

— Kahangwa. Amesema ni fundi umeme.

Kalamu ya Ayubu ilikuwa imeshaandika herufi ya kwanza. Ikasimama. Avit alikohoa. Mwamvita aligeuza uso kuelekea kwenye birika, mabega yakimtikisika. Testa alikuwa amekaa palepale, kipimo mkononi, kikombe kwenye goti.

Jovitha hakumjua. Alimtazama Ayubu, akatazama ile karatasi, akaona imekwama.

— Pale chini pana sehemu ya sababu, alisema. Nimeona kwenye barua za wenzangu. Huyu mume wake, mwenyekiti, tuandike yuko wapi?

Ni swali rahisi. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Ta Elieza, ambaye kwa miaka thelathini na minne hakuwahi kukosa jibu mbele ya darasa, aliangalia viatu vyake. Avit aliangalia barabarani. Ayubu aliweka kifuniko cha kalamu, akakitoa, akakiweka tena.

— Andika yuko benchini, alisema Mwamvita.

Testa akainuka. Kikombe kilianguka na hakukiokota. Alichukua jani na punje mbili, akauliza kitu kimoja tu:

— Hajaenda Muleba?

— Muleba? Jovitha alishangaa. Alisema mama yake alitaka aende leo, na yeye amemjibu kwanza kliniki na mume wangu, kwako nitakuja baadaye, kadi mkononi. Mume ndiye wewe?

Lakini mwenye kujibu alikuwa ameshafika kwenye kona. Alikimbia kilima chote cha zahanati, na wanaosema walimwona analia wanasema kweli. Mzigo alioubeba tangu asubuhi, na mwingine wa miaka miwili chini yake, ulikuwa unamtoka njiani. Ayubu naye akasimama, akamwambia Jovitha twende, muhuri nitaugonga hukohuko juu, usitembee mara mbili na hali hiyo. Watu wa Bakoba wanakumbuka hiyo kuwa ndiyo siku ya kwanza muhuri wa mtaa kupanda kilima.

Edvina alikuwa kwenye ubao wa mwisho, chini ya dirisha la zahanati, simu iliyozimika mapajani. Alimwona anakuja, akamtazama mpaka alipokaa. Hakumuuliza kwa nini umechelewa.

— Umefungua?

— Ta Elieza ndiye kafungua.

— Nani?

— Nilidhani ni akamwani ya benchi. Nimewapelekea kama kawaida.

Edvina alijifunika uso kwa kitenge. Testa alifikiri analia, akaanza kuomba msamaha wa kila kitu, wa leo na wa fyuzi, mpaka aliposikia kwamba ndani ya kitenge anacheka.

— Uliniambia nisikuonyeshe tena, alisema alipopata pumzi. Nikaona nikuachie tu, mwenyewe ufungue. Nikajua ukiona utakumbuka tulivyoahidiana, utakuja.

— Nilikumbuka. Niliogopa.

— Mimi pia.

Wakaitwa wa kwanza, maana walikuwa wawili. Nesi alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alikitazama kile kipimo cha Testa, akamwambia kilichokaa tangu alfajiri hakisomwi tena, akapima upya mbele yao. Mistari miwili, na safari hii hata mwenye miwani ya kusomea tu angeiona. Akamuuliza Edvina tarehe zake, akahesabu. Wiki ya tisa. Akauliza kuhusu mimba iliyopita, na Edvina akaeleza yote bila kuficha, mpaka gari, mpaka kisanduku. Nesi akaweka kalamu chini. Kisha akamvika kile kitambaa cha presha mkononi, akapampu, na Testa akawa anautazama ule mshale kuliko alivyowahi kutazama mita yoyote maishani mwake.

— Presha ni nzuri, alisema nesi. Tutakuwa tunaipima kila ukija, na nitakuandikia ukaonwe na daktari mapema, kwa sababu ya yale ya nyuma. Safari hii mmewahi.

Neno hilo Testa aliomba alirudie, nesi akalirudia.

Nje, Ayubu alikuwa ameketi kwenye ubao wa akina mama, anagonga muhuri kwenye barua ya tano, wengine wamejipanga. Edvina alikaa kivulini, kadi mpya mkononi, akafungua lile jani. Akatazama, akahesabu, akatazama tena.

— Niliweka tatu.

— Tatu?

— Yako, yangu, na ya mgeni.

Testa alifikiria. Akayaona akilini macho ya Ta Elieza yaliyofumbwa, na taya zikienda polepole.

— Ya mgeni ameila mwalimu.

Edvina alicheka mpaka akashika mbavu, na akina mama waliokuwa kwenye foleni wakacheka naye bila kujua sababu. Halafu alichukua punje moja, akampa Testa nyingine.

— Sasa huyu akifika tutamkaribisha na nini?

— Nitamtafutia nyingine. Amebakiza miezi saba, hana haraka.

Wakatafuna, wakiwa wamekaa palepale. Chini mtaani redio zilianza kusikika, umeme ulikuwa umerudi, na kwa mara ya kwanza tangu awe fundi Testa hakuinuka kwenda kuangalia.